Mfiwa Ana Jina, Anayeuguliwa Hana: Historia ya Msamiati wa Kuuguza na ya Vyama vya Wauguzaji wa Nyumbani



Mada ya leo inaweza kuonekana kuwa ya wataalamu wa ustawi wa jamii kuliko ya wanaisimu. Inahusu watu wanaowauguza ndugu zao nyumbani bila malipo, na vyama ambavyo watu hao huviunda au hujiunga navyo ili sauti yao isikike. Nitajaribu kuonesha kwamba jambo hili lina upande wa lugha, na kwamba upande huo una historia. Hoja yangu kuu ni hii: Kiswahili kilimpa aliyefiwa jina, na jina hilo likamfungulia nafasi katika mila, katika vyama na hata katika sheria. Anayeuguliwa kilimpa kitenzi tu. Ndiyo maana jamii humtambua mtu huyu siku mgonjwa wake anapofariki, wakati kazi yake imekwisha.

1. Mahali: Nyololo

Mifano mingi ya mhadhara huu inahusu Nyanda za Juu Kusini, na nitaisimamisha Nyololo, wilayani Mufindi, mkoani Iringa. Nyololo iko kwenye barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, kati ya Mafinga na Makambako. Hapo ndipo inapochepuka njia ya kwenda Igowole, Kibao na Mgololo, yaani kwenye mashamba ya chai na kiwanda cha karatasi. Ndiyo sababu sehemu yake moja huitwa Nyololo Njiapanda. Msikilizaji wa pwani akilisikia jina hilo hukumbuka mnyororo. Wanafunzi wa isimu watambue kuwa kufanana kwa sauti si ushahidi wa asili moja, na jina la mahali lichunguzwe kwanza katika lugha za mahali penyewe.

Wengi wenu mlilisikia jina la Nyololo Septemba 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi alipouawa pale. Kifo kile kilitokea hadharani, kikaandikwa, na ni haki kiendelee kukumbukwa. Vifo ninavyovizungumzia leo vilitokea ndani ya nyumba, na vilichukua miezi au miaka.

Sababu ya kuichagua sehemu hii ni ya kihistoria. Kwa vizazi kadhaa Nyanda za Juu Kusini zilikuwa chimbuko la vibarua. Watu walikwenda kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro kama manamba, hasa baada ya wenye mashamba kuunda ofisi yao ya kuajiri vibarua, SILABU, mwaka 1944. Baadaye wengine walikuja Mufindi kutafuta kazi katika chai, misitu na karatasi. Mwenye nguvu alipoondoka, wazee na watoto walibaki mikononi mwa wanawake. Kibarua alipougua hadi kushindwa kazi, alirudishwa kwao. Kwa hiyo nyumba ya kijijini ilikuwa hospitali ya wagonjwa mahututi ya uchumi ule, ingawa hakuna kitabu cha hesabu cha shamba kilichoiandika gharama hiyo.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Utafiti wa kitaifa wa 2003–04 ulikuta maambukizi ya asilimia 7 kwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 49. Kwa Mbeya yalikuwa asilimia 13.5 na kwa Iringa asilimia 13.4, mikoa miwili iliyokuwa juu kuliko yote. Njombe, iliyomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, ilikutwa na asilimia 14.8 katika utafiti wa 2011–12. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004. Kabla ya hapo hospitali ilikuwa na machache ya kumpa mgonjwa. Zaidi ya hayo, uchangiaji wa gharama za matibabu ulikuwa umeanza mwaka 1993. Mgonjwa alirudi nyumbani, na aliyempokea mara nyingi alikuwa mama, bibi, mke au binti.

2. Kitenzi: kuuguza

Tuangalie sasa lugha. Kitenzi ugua kikiwekwa katika kauli ya kutendesha hutoa uguza, kama vile pungua inavyotoa punguza na ungua inavyotoa unguza. Anayepunguza husababisha kitu kipungue, na anayeunguza husababisha kitu kiungue. Kwa kanuni hiyo anayeuguza angekuwa mtu anayesababisha mwenzake augue. Kila msemaji wa Kiswahili anajua kwamba sivyo. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaionesha maana tunayoijua sote, yaani kumtunza mgonjwa.

Maelezo yake tutayapata tukikitazama kitenzi vuka. Anayemvusha mwenzake mto hamfanyi avuke kwa kumwamuru akiwa amesimama ukingoni. Humshika mkono, naye mwenyewe huingia majini. Wanaisimu wa leo huuita usababishi wa aina hii usababishi shirikishi: msababishi hushiriki tendo pamoja na mtendaji. Kuuguza ni kuvuka ugonjwa pamoja na mgonjwa. Wala kitenzi hiki si cha pekee. Kazi nzima ya nyumba yenye mgonjwa husemwa kwa kauli hiyohiyo: kulisha, kunywesha, kuogesha, kuvisha, kulaza, kuamsha, kukalisha, kutembeza. Katika kila tendo mgonjwa hubaki mtendaji. Ni yeye anayekula, anayeoga, anayelala, mwenzake humwezesha. Sarufi yetu imehifadhi hapa fikra kuhusu utu wa mgonjwa ambayo vitabu vingi vya mafunzo ya tiba huitafuta kwa maneno marefu.

Kitenzi hicho kilizaa nomino mwuguzi, ambayo siku hizi huandikwa muuguzi. Kwa asili ni mtu yeyote auguzaye: dada, jirani, mke. Katika karne ya 20 hospitali za misheni na za serikali zilihitaji neno la kazi mpya, na pamoja na nesi, neno la mkopo, likachukuliwa muuguzi. Uteuzi ulikuwa mzuri, maana neno lilikuwa na heshima na lilieleweka. Lakini lilipokwisha kuvaa sare halikurudi nyumbani. Leo muuguzi ni mwenye mafunzo na usajili. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imeiweka taaluma hiyo chini ya Baraza lake. Binti anayemgeuza baba yake kitandani usiku hawezi tena kujiita muuguzi bila kuchekwa au kusahihishwa.

Neno mkunga lilipitia njia hiyohiyo, ila kwa tofauti moja yenye maana. Lilipoingia hospitali, mkunga wa kijijini aliongezewa kivumishi, akawa mkunga wa jadi. Alishushwa daraja, lakini alibaki na jina, na kwa jina hilo aliandikwa, alihesabiwa, aliitwa kwenye semina. Muuguzi wa nyumbani hakuachiwa hata kivumishi.

Pengo hilo lilijazwa na majina ya kuazima. Wodini ataitwa ndugu wa mgonjwa, au msindikizaji, kana kwamba safari yake inaishia mlangoni. Katika masuala ya yatima ataitwa mlezi, neno zuri lakini la watoto. Miradi ya kuwafuata wagonjwa majumbani ilileta mhudumu na mtoa huduma. Haya ni majina ya mtu atokaye nje, mwenye mafunzo ya siku kadhaa, aliyepangiwa nyumba za kutembelea, na pengine posho kidogo. Alifanya kazi kubwa na anastahili heshima yake. Hata hivyo aliingia saa nne asubuhi na kuondoka saa tano. Aliyebaki ndani saa ishirini na tatu zilizosalia hakuwa na jina katika fomu. Tena mhudumu tunamjua pia hotelini na ndani ya ndege. Neno lenyewe linamhusu anayemtumikia mteja.

Hata methali zetu zina pengo hilo. Husemwa kwamba mgonjwa haulizwi uji. Tunamwona mgonjwa, tunauona uji. Aliyeupika hayumo.

3. Mfiwa na anayeuguliwa

Kiswahili kina njia nyingine ya kumtazama mtu huyu, na hapa ndipo penye kiini cha mhadhara. Kitenzi fa katika kauli ya kutendea na kutendwa hutoa fiwa: amefiwa na mama yake. Kitenzi ugua, kwa njia ileile, hutoa uguliwa: ameuguliwa na mama yake. Miundo hii miwili ni ndugu. Yote miwili husema kwamba jambo lililompata mmoja limemfika pia mwingine.

Fiwa ilikwenda mbele ikazaa nomino, mfiwa, kwa kanuni ileile ya mdaiwa na mshtakiwa. Mfiwa akishaitwa hivyo, kila mtu anajua la kufanya. Atatandikiwa mkeka, atapikiwa, atapewa rambirambi, hatarajiwi kazini. Uguliwa haikuzaa nomino iliyokita. Anayeuguliwa huelezwa kwa sentensi nzima, na wakati wa kumwendea haukupangwa. Watu humjulia hali mgonjwa, jambo jema, kisha huondoka. Mwenyeji ndiye aliyewakaribisha na kuwapikia.

Vyama vyetu vinaonesha sura hiyohiyo. Utamaduni wa kujiunga una historia ndefu katika Afrika Mashariki. Vyama vya beni, alivyovichunguza Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975, na vikundi vya lelemama vya Mombasa, alivyoviandikia Margaret Strobel mwaka 1979, havikuwa vya ngoma peke yake, kwani wanachama walishikana mkono katika shida. Vyama vya watu wa asili moja vilivyoota mijini katika miaka ya ukoloni vilifanya hivyo pia. Tazameni, hata hivyo, jina lililobaki mitaani hadi leo: chama cha kufa na kuzikana. Hatuna chama cha kuugua na kuuguzana kinachojulikana kwa jina hilo, ingawa kauli ya kutendana inaruhusu, na ingawa kuuguzana huchukua muda mrefu kuliko kuzikana.

Na sasa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kama ilivyopitishwa, ilimpa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wake, na kwa kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Isomeni tena kwa jicho la mwanaisimu. Ugonjwa ulitajwa kwa mtoto tu. Mama akiugua, kifungu kile hakikuwa na siku hata moja. Mama akifa, zilikuwepo nne. Sidai kwamba waandishi wa sheria walikosa huruma. Nadai kwamba waliandika kwa dhana walizokuwa nazo, na dhana ya mfiwa ilikuwa tayari ina jina.

4. Vyama vilivyolitafuta jina

Watu wa nchi nyingine wamepita hapa. Uingereza, mwaka 1954, Mary Webster aliacha kazi ili awatunze wazazi wake. Mwaka 1963 aliandika barua katika gazeti la The Times kueleza hali ya wanawake wasioolewa walio kama yeye, na mwaka 1965 kikaundwa chama cha kitaifa. Jina lake la kwanza lilimtaja mwanamke asiyeolewa na wanaomtegemea. Mwaka 1976 ilianza posho ya serikali kwa waliowatunza wagonjwa, lakini mke aliyeolewa hakuruhusiwa kuipata; ilichukuliwa kwamba yeye angekuwa nyumbani vyovyote vile. Chama kingine, kilichoundwa mwaka 1981, kilichagua jina moja linalomhusu yeyote atunzaye, mume au mke, mwenye ndoa au asiye nayo. Mwaka 1986, baada ya shauri la Jacqueline Drake katika Mahakama ya Ulaya, posho ikafunguliwa kwa walioolewa. Mwaka 1995 jina lile likaingia katika kichwa cha sheria. Mpangilio wa matukio unastahili kuzingatiwa: watu walikusanyika, jina likapanuka, na mlango wa sheria ukapanuka pia.

Kwetu, vyama vya namna hiyo vilizaliwa na UKIMWI. TASO ya Uganda iliundwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba pamoja na wenzake, baada ya kifo cha mumewe, Christopher, aliyemuuguza. Tanzania ilipata WAMATA mwaka 1989, kwa juhudi za Theresa Kaijage. Jina lake kwa urefu ni Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania. Mwanaisimu atavutiwa na mambo mawili. Kwanza, AIDS bado imo ndani ya jina la Kiswahili, wakati UKIMWI ilikuwa bado inajijenga. Pili, jina halimtengi mgonjwa na anayemuuguza. Walio katika mapambano ni wote wawili. Ni usababishi shirikishi uliogeuka kuwa jina la chama. Nchini Kenya, GROOTS, mtandao wa wanawake wa ngazi ya chini ulioanzishwa mwaka 1995, uliwaunganisha watunzaji wa majumbani ili wazungumze na serikali kwa umoja wao. Hapa Tanzania TGNP, iliyoanzishwa mwaka 1993, iliibeba hoja ya kazi za nyumbani zisizo na malipo hadi kwenye mijadala ya bajeti. Mwaka 2004 HelpAge International ilitoa ripoti kuhusu wazee wa nchi hii na gharama waliyobeba katika janga lile.

Katika historia hizi kuna ugumu mmoja unaojirudia. Anayeuguza hana muda wa mkutano. Akienda mkutanoni, nani atabaki na mgonjwa? Kwa hiyo sauti yake mara nyingi husikika akiwa amekwisha kuwa mfiwa, kama ilivyokuwa kwa Bibi Kaleeba. Kikundi cha kijijini kinachotaka kuwatetea hawa hakina budi kuanza na jambo dogo: wanachama kupokezana zamu ya kukaa na wagonjwa ili mwenzao atoke. Kujiunga, katika kikundi cha aina hii, ni kutoa saa zako kabla ya kutoa ada.

5. Faida ya jina, na pingamizi lake

Mnaweza kuuliza jina litaongeza nini. Nitataja mambo matatu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo. Uamuzi huo ulikuwa hatua kubwa, ila ulimhusu mke. Binti, dada na bibi walibaki nje. Pili ni takwimu. Utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2006 ulijumuisha sehemu ya matumizi ya muda, na mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi ulikubali kwamba huduma ya nyumbani isiyolipwa ni kazi. Lakini kinachohesabiwa lazima mhojiwa akitambue kwa jina. Ukimwuliza mwanamke wa Nyololo kama anafanya kazi, atajibu kwamba analima. Kuuguza hatakutaja. Tatu ni fedha. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yaliziagiza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kila fungu lina jina. Kikundi cha wauguzaji lazima kiingie kwa jina la wengine.

Kuna pingamizi, nami naliheshimu. Husemwa kwamba kumuuguza mama si kazi, ni wajibu na ni kutafuta radhi, na kwamba kulipa jambo hili jina na kulidai haki ni kuleta biashara ndani ya udugu. Jibu liko katika neno mfiwa. Kumpa mfiwa jina hakukuigeuza huzuni kuwa biashara. Kulimkusanyia watu. Wajibu wa mmoja hauwaondolei wengine wajibu wao kwake.

6. Hitimisho: neno gani?

Mfumo wetu wa uundaji wa maneno unaleta mapendekezo mawili. La kwanza ni muuguliwa, kwa mfano wa mfiwa. Ni neno sahihi kisarufi, lakini litachanganywa na mgonjwa mwenyewe, tena linamweka mtu kama mtendwa tu. La pili ni muuguzaji. Kiswahili kimezoea kutofautisha mpishi na mpikaji, msomi na msomaji: wa kwanza ana hadhi au cheo, wa pili hutambulishwa na tendo analolifanya. Muuguzi abaki hospitalini na heshima yake. Muuguzaji awe yule wa nyumbani. Mimi naegemea hili la pili.

Hata hivyo neno la aina hii halikamiliki kamusini. Kikundi kinapokwenda kujiandikisha halmashauri huulizwa kwanza jina lake na malengo yake, na hapo ndipo litakapoamuliwa, na watu watakaolibeba. Wajibu wetu ni mwingine. Wanafunzi mnaotoka Mufindi, Njombe, Makete na Rungwe, mkirudi likizo, kusanyeni yale ambayo Kihehe, Kibena, Kikinga na Kinyakyusa huyasema kuhusu mtu huyu, maana Kiswahili kimekua siku zote kwa kupokea kutoka kwa ndugu zake. Na kama kijijini kwenu kipo kikundi cha wauguzaji, jiungeni. Kinahitaji katibu anayeandika mihtasari kwa Kiswahili kinachosomeka mbele ya diwani, na kinahitaji mtu wa kukaa na mgonjwa Jumanne alasiri wakati wa mkutano. Anzeni na hilo la pili.

Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Julai 2023, liliitangaza tarehe 29 Oktoba kuwa siku ya kimataifa ya matunzo na msaada. Siku hiyo hotuba zitasomwa kwa Kiswahili katika mikoa mingi. Ni vyema anayehusika, akiwa amesimama nyuma ya umati kwa saa moja aliyoachiwa na jirani, asikie neno linalomtaja yeye.